Gauni la Harusi Lililofungia Kushoto

Ukipewa nguo ya zamani uitengeneze, usianze na uso wake. Uso wa nguo umeshapigwa jua na kupigwa pasi na kila mwenye haraka. Igeuze. Angalia ndani, kwenye mshono, mahali ambapo fundi alidhani hakuna atakayefika. Hapo utajua nguo ilikuwa na rangi gani, fundi alikuwa mvumilivu kiasi gani, na kama kitambaa bado kina nguvu ya kukuvumilia na wewe. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia vijana wanaonipigia simu kuniuliza wataingiaje katika kazi ya mavazi ya filamu. Wao huwa wanategemea niwape habari za waigizaji.

Habari za waigizaji ni fupi. Wanakula wakiwa wamevaa nguo uliyokwisha kuipiga pasi. Waambie wavae aproni. Watakubali, kisha watasahau. Kaa na kopo la unga wa talki. Mchuzi ukidondoka kwenye hariri usikimbilie maji. Nyunyiza unga, uache unywe mafuta, upanguse taratibu. Niliwahi kumsimamia mzee mmoja aliyeigiza jaji, nikamnyunyizia unga kifuani mpaka akauliza kama nataka kumkaanga.

Mimi sikusomea ushonaji, wala sikusomea chochote baada ya darasa la sita. Wazazi wetu walifariki Tanga nikiwa mkubwa wa watoto wanne, na ilibidi mtu mmoja abaki nyumbani ili watatu waende shule. Sindano niliijua kwa sare zao. Kola ya shati la Rashidi ikichakaa, unaifumua, unaigeuza, unaishona tena. Upande uliokuwa chini unakuja juu, mwalimu anadhani mtoto kanunuliwa shati. Sketi ya Salma ikipauka kwa jua, unafumua sketi nzima, unageuza kila kipande, ule upande wa ndani ambao haujaona jua unautoa nje. Unashona tena. Kazi yake ni ndefu, lakini unapata nguo mpya bila kitambaa kipya. Wote watatu walipoweza kujitegemea, ndipo nikakubali kuifuata London familia moja iliyohamia Rayners Lane na iliyotaka mtu wa kuwashonea na kuwasaidia nyumbani. Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, na Kiingereza changu kilitosha kununua maziwa.

Aliyenitoa jikoni akaniweka kwenye cherehani ni Mama Hansa. Huyu alikuwa mwanamke wa Kigujarati aliyezaliwa Kisumu, mwenye duka la vitambaa mtaa wa Kingsbury, hukohuko London. Siku ya kwanza niliingia kununua uzi. Nilikuwa naongea peke yangu kwa Kiswahili, nahesabu rangi, mara nikasikia sauti nyuma ya kaunta.

"Wewe, hiyo nyekundu itatoa rangi. Chukua hii."

Niligeuka nikidhani ni Mswahili mwenzangu. Nikamwona mama mfupi mwenye sari ya kahawia na soksi nene za sufu.

"Kwani unashangaa nini?" akasema. "Unafikiri Kiswahili ni chako peke yako?"

Baada ya mwezi nilikuwa nashona blauzi za sari kwenye chumba chake cha nyuma. Alinifundisha kukata bila kupoteza, na kuacha nafasi ya kutosha ndani ya mshono, kwa sababu, alisema, wanawake hawanenepi kwa ratiba. Alikuwa mkali. Ukishona vibaya alikuwa hasemi neno. Anaivaa miwani, anaiangalia kazi, anaivua miwani. Mnaolalamika siku hizi kwamba mkuu wenu anawaandikia ujumbe wa hasira kwenye simu, hamjaona mtu akivua miwani.

Kwenye duka hilohilo walikuwa wakija watu wa filamu kutafuta vitambaa. Mmoja akahitaji mtu wa kupinda mapazia, nikaenda. Mwingine akahitaji mtu wa kupiga pasi, nikaenda. Hivyo ndivyo nilivyoingia. Sina hadithi nzuri zaidi ya hiyo.

Sasa niwaeleze habari ya gauni, kwa sababu ndiyo kazi iliyonifundisha kuliko zote, na mpaka leo nikiikumbuka huwa nashusha pumzi kana kwamba imekwisha jana.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Alikuja dukani msichana mmoja, Mmarekani wa asili ya Kichina, jina lake Vivian. Alikuwa anaishi London na alikuwa anatengeneza filamu yake mwenyewe, bila kampuni kubwa nyuma yake, kuhusu wanawake wa familia moja ya Kichina huko Amerika: bibi, mama na mjukuu. Walikuwa wamepata nyumba ya kuazima Stanmore, pembezoni mwa London, ikawa ndiyo California ya filamu. Tulificha swichi za ukutani kwa vitabu na kalenda, maana za Amerika haziko hivyo. Mvua ikinyesha tulikaa tukaingojea ikatike. Tuliingojea sana California ile.

Kitu kilichowaunganisha wale wanawake watatu katika filamu kilikuwa gauni moja la Kichina, refu, lenye kola ya kusimama na mkato wa mshazari unaotoka shingoni hadi kwapani, upande wa kulia, unaofungwa kwa vifungo vya mafundo. Bibi analivaa siku ya harusi yake likiwa jipya. Mama analificha. Mjukuu analikuta limepauka. Vivian hakutaka magauni matatu. Alitaka moja, tena la kweli: gauni ambalo bibi yake mzaa mama alilishona kwa mkono, likawa la harusi yake, kisha akalibeba kuvuka bahari.

Lenyewe lililetwa London na mama yake Vivian, Bi Ailing. Alikuwa mwanamke wa mabega mapana, amenyooka, amevaa viatu vya mpira na saa ya kiume. Hakulituma gauni; alikuja nalo mwenyewe, mapajani, safari nzima. Kila asubuhi alilileta chumba cha mavazi na kila jioni aliondoka nalo. Katikati ya hapo alikaa kwenye kiti karibu na meza yangu ya pasi kama askari wa benki.

"Usilipige mvuke," aliniambia siku ya kwanza.

"Sipigi, Mama."

"Pasi iko karibu sana."

"Pasi haijawashwa, Mama."

"Inaweza kuwashwa."

Nilimwita Mama kwa sababu ya umri wake, na yeye hakukataa. Kiingereza changu na chake vilichechemea, kila kimoja kwa mguu wake, lakini tulifika. Siku ya tatu hivi nikamwuliza kwa nini anahangaika namna hiyo, na yeye akanijibu huku anamenya chungwa. Mama yake hakuacha picha za ujanani, hakuacha barua, hakujua kuandika. Alishona nguo za watu maisha yake yote na zote ziko kwa watu. Hii moja tu ndiyo iliyobaki. "Ikiharibika," alisema, "mimi sina mahali pengine pa kumwona." Akanipa nusu ya chungwa.

Mama yangu mimi hakuniachia hata leso. Nilikula chungwa, nikasogeza pasi mbali kidogo zaidi.

Sehemu za mjukuu zilipigwa picha kwanza, gauni likiwa vilevile lilivyo, limepauka mabegani na kifuani, na lilipendeza sana. Taabu ikaja kwenye harusi. Vivian alikuwa amehesabu kwamba taa zitalifanya lionekane jipya. Walijaribu. Mpiga picha alibadilisha taa asubuhi nzima, na kila walipotazama, lilikuwa gauni kuukuu lililomulikwa. Walijaribu na gauni jipya lililonunuliwa mjini. Liling'aa kama karatasi ya zawadi na halikuanguka mwilini kama lile la zamani. Siku hizi nasikia kuna watu wanakaa kwenye kompyuta wanapaka rangi kila picha, na gauni linakuwa jipya bila kuguswa. Sisi hatukuwa na hilo. Vivian akakaa ngazini, akasema basi, tutaiacha harusi.

"Filamu bila harusi ni nini?" mpiga picha akauliza.

"Ni filamu ya watu wanaotafuta gauni," Vivian akasema.

Nililichukua gauni kutoka kwa mwigizaji wa bibi arusi, nikaliweka mezani, nikaangalia ndani. Lilikuwa na bitana nyembamba, kitambaa cha ndani kinachofunika mishono. Nikamgeukia Bi Ailing.

"Mama, nikikuonyesha kitu hutanikasirikia?"

"Inategemea kitu."

Nikamwomba ruhusa ya kufumua upindo kidogo, mahali pa upana wa kidole. Aliruhusu kwa kichwa, akasimama karibu mpaka nikasikia pumzi zake. Bitana ikaachia. Ndani, hariri ilikuwa nyekundu ya komamanga lililoiva, kama imetoka dukani. Bi Ailing akaweka kidole chake pale.

"Nilipokuwa mdogo," akasema, "lilikuwa rangi hii. Nilikuwa nimesahau."

Nikamweleza kazi ya kugeuza: kufumua yote, kugeuza kila kipande, kushona tena. Nilimweleza na ubaya wake, maana hilo lazima mlieleze kabla hamjagusa sindano. Hariri ya zamani inaweza kuvunjika kama ganda la kitunguu. Haipasuki, inavunjika, na ikishavunjika hakuna uzi utakaoishika.

"Ikivunjika utafanya nini?" akaniuliza.

"Sitakuwa na la kufanya, Mama."

Nadhani kama ningemwahidi kitu angelichukua gauni lake akapanda ndege. Badala yake alisema, "Nitafumua mwenyewe."

Meza ya kukatia Stanmore ilikuwa ndogo, kwa hiyo Vivian akatupeleka Kingsbury, chumba cha nyuma cha Mama Hansa. Bi Ailing alifumua kutwa nzima, mshono baada ya mshono, akiutoa uzi wa mama yake na kuuzungusha kwenye kipande cha kadi. Sikumsaidia. Mama Hansa alikuja mara kwa mara na chai, akavaa miwani, akaangalia, na miwani haikuvuliwa.

"Huyu mama anajua kazi," aliniambia kwa Kiswahili.

"Anasema hajui. Anasema aliyejua ni mama yake."

"Mwambie asinidanganye ndani ya duka langu."

Kesho yake tuligeuza. Mama Hansa na mimi tulipiga bandi, zile nyuzi ndefu za kushikilia kwa muda, tukaliweka gauni kwenye sanamu ya kushonea. Lilikuwa zuri mno. Mama Hansa alirudi nyuma hatua chache, akakunja mikono, akasema hata yeye angeolewa tena. Vivian alicheka. Bi Ailing alikuwa ametoka kwenda chooni. Aliporudi alisimama mlangoni, na kicheko kikaisha chenyewe.

"Nani kafa?" akauliza.

Akamgeukia binti yake.

"Vivian. Nani kafa?"

"Ma, ni gauni. Ni la harusi."

Bi Ailing akaenda hadi kwenye sanamu, akapitisha mkono kwenye ule mkato wa mshazari, kutoka shingoni kushuka kwapani. Kwapa la kushoto. Ndipo nikaelewa kilichotokea, ingawa sikuelewa ubaya wake. Ukigeuza nguo, kulia inakuwa kushoto. Koti la mwanamume ukiligeuza vifungo vinahama upande, na hakuna anayejali. Tulikuwa mafundi wawili wenye uzoefu, tumegeuza makoti na sketi, na wala haikutupitia akilini kuuliza upande una maana gani.

"Kwetu," Bi Ailing akasema polepole, "aliye hai hufungia kulia. Kushoto tunamfungia maiti."

Mama Hansa alikuwa wa kwanza kusogea. Alilivua gauni kwenye sanamu, akalilaza mezani, akalifunika kitambaa cheupe. Kisha akakiona kitambaa ni cheupe, akakiondoa, akatafuta cha bluu. Mimi nilikuwa nimeosha na kuvisha sanda mara nyingi kuliko nilivyotaka, tangu nikiwa msichana. Nilijua nguo ya maiti haijaribiwi mwilini kwa mzaha. Hatukuhitaji kuelezana zaidi.

Vivian ndiye aliyezaliwa Amerika, na ndiye aliyekuwa na siku mbili tu kabla nyumba ya Stanmore haijarudi kwa wenyewe.

"Ma, kwenye sinema hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Na yeye atajua."

"Bibi amekufa, Ma."

"Ndiyo maana nasema."

Vivian akashika kichwa. Kisha akapata wazo: wapige picha hivyohivyo, halafu maabara waigeuze picha yenyewe, kama kwenye kioo, kushoto irudi kuwa kulia. Inawezekana, alisema, ni jambo dogo.

"Picha unaweza kuigeuza," mama yake akasema. "Yule msichana atakayekuwa ndani ya gauni, utamgeuza?"

Wakaendelea kwa Kichina, na hapo sikuhitaji mkalimani. Ni ugomvi ule ambao kila mama na binti wanao, ambao haukuanza siku hiyo. Nilisikia jina la bibi likitajwa mara nyingi. Mwishoni Bi Ailing akasema kwa Kiingereza, ili na sisi tusikie, "Lishoneni kama lilivyokuwa. Nalichukua nyumbani."

Na hilo nalo lilikuwa na tatizo, na ni mimi niliyepaswa kulisema. Kurudisha kulikuwa ni kufumua tena. Matundu ya sindano yalikuwa yameshaanza kufunguka kwenye mshono wa bega. Nilikuwa nimeyaona tangu asubuhi. Hariri ile ingevumilia kushonwa mara moja. Mara mbili sikuwa na hakika.

Nilimwambia. Hakunilaumu. Alikaa, akaweka mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee.

Mama Hansa akaenda mbele akafunga mlango wa duka, saa za biashara, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. "Kaeni wote," akasema. "Hakuna mtu anafikiri vizuri amesimama. Zaina, weka chai," akaniambia mimi.

Tulikunywa. Mama Hansa alimwambia Bi Ailing kwamba kwao pia kuna mambo huwezi kumfanyia bibi arusi, na kwamba yeye, tangu mume wake afariki, kuna rangi anazouza tu hazivai. Bi Ailing akamwuliza ni rangi gani anayoitamani. Mama Hansa akasema ya machungwa, akacheka peke yake. Kwa muda mrefu hakuna aliyelitaja gauni.

Halafu Bi Ailing akainuka. Akachukua chaki ya kitambaa, akafunua kile kifuniko cha bluu, akaegemea meza. Hakuchora juu ya gauni. Alichora juu ya karatasi ya ruwaza, ile ya kuchorea mikato, iliyokuwa kando: kola, mkato wa mshazari kushoto, kisha mkato mwingine kama huo kulia, mpaka gauni likawa na mistari miwili inayoshuka kutoka shingoni kama paa la nyumba.

"Wanawake wenye uwezo walikuwa wakivaa hivi," akasema. "Mmoja wa kufungua, mmoja wa urembo tu. Mama yangu aliwashonea wao. Yake mwenyewe hakuwahi."

Vivian akaja kuangalia juu ya bega lake.

"Kwa hiyo wa kushoto tunaushona ufe kabisa," nikasema, "usifunguke. Na tunakata mpya kulia."

"Wa kulia ndio utafunguka," akasema Bi Ailing. "Ndiyo."

"Kukata, Mama. Kwa mkasi."

"Nimesikia."

Mama Hansa tayari alikuwa kwenye rafu za juu. Aliteremsha melimeli, ile nyepesi kuliko zote, ambayo ukiishika mbele ya mwanga unaona vidole vyako. Nisikilizeni hapa, maana hili mtalihitaji. Kitambaa kilichozeeka usikikate kikiwa peke yake. Kipe mgongo. Laza melimeli chini yake, ishikilie kwa vishono vidogo vya mkono, uzi wa hariri, sindano nyembamba kuliko unavyodhani unahitaji. Kisha piga mistari miwili ya vishono, mmoja huku na mmoja huku wa pale utakapokata, ili ukikata, kila ukingo uwe umeshashikwa kabla haujajua umekatwa. Hayo yalituchukua mchana wote. Kile kipande kidogo kinacholala chini ya mkato tulikihamisha kutoka kushoto kuja kulia, na kwa kuwa hakionekani, tulikirudisha upande wake wa zamani, uliopauka. Bi Ailing alilitaka hilo. Alisema kidogo kibaki kama mama yake alivyokiona.

Ilipofika kukata, nilimpa yeye mkasi. Aliushika, akauweka mahali pake, akauondoa. Vivian akanyoosha mkono.

"Wewe hapana," mama yake akamwambia. "Wewe hata mkate unaukata upande."

Akanirudishia mkasi. Akaweka viganja vyake viwili juu ya hariri, kimoja kila upande wa mstari, kama unavyomtuliza mtoto anayenyolewa.

Mkasi wa kukatia uwe mrefu, uwe umenolewa siku hiyo, na usiufunge mpaka ncha. Ukifunga ncha unaacha jino kwenye kitambaa. Unakata karibu na mwisho wa kinywa, unasogea, unakata tena, na husimami kufikiri. Hariri njema inatoa sauti ya chini inapokatwa, kama mtu anayekuomba unyamaze. Iliyokufa inakatika kavu kama karatasi. Nilikata huku nasikiliza. Nilifika kwapani nikiwa bado nasikia ile sauti ya chini.

Bi Ailing akainua kiganja kimoja, kisha cha pili. Ukingo ulikuwa safi. Hakuna kilichovunjika. Akapitisha kucha yake juu ya ukingo wote, kutoka kola hadi kwapa, akafika mwisho, akakaa chini kwenye robota la pamba na kufunika macho.

"Sasa naweza kunywa chai yangu," Mama Hansa akasema. "Muda wote huu nilikuwa nashika kikombe tu."

Siku ya kupiga harusi tulikuwa wote Stanmore, hata Mama Hansa, ambaye alisema anakuja kuangalia kitambaa chake cha melimeli. Bibi arusi alikuwa amekaa mbele ya kamera, mwekundu, vifungo kulia, mistari yake miwili shingoni. Kimya kimetawala. Mara ikasikika sauti ya kupasuka, ndefu, kali, chumba kizima. Mimi nilishika ukuta. Mama Hansa alinishika mimi. Bi Ailing hakumshika mtu. Alikuwa tayari anatembea kuelekea kwenye gauni mbele ya kamera inayopiga. Kumbe ni fundi wa taa nyuma ya mlango, anavuta ule utepe wao mpana wa kubandikia nyaya. Vivian akakata picha, akacheka mpaka akakaa sakafuni, na mama yake, akiwa amesimama katikati ya harusi ya mama yake huku amevaa viatu vya mpira, naye akaanza kucheka. Wote wawili hawakuweza kuacha. Ilibidi bibi arusi apakwe poda upya, maana na yeye alikuwa analia kwa kucheka. Fundi wa taa alikaa kutwa nzima akituomba radhi, na hakuwa amekosea chochote.

Walipomaliza, nilidhani Bi Ailing atataka gauni lirudishwe lilivyokuwa, au likunjwe kwenye karatasi laini kama lilivyokuja. Alikuja Kingsbury asubuhi mapema, siku ya safari, akalilaza mezani.

"Panua," akasema.

"Nani atalivaa, Mama?"

Akalisogeza karibu nami. Yule mwigizaji alikuwa mwembamba kama ufito, lakini bibi yake Vivian alikuwa fundi wa kweli. Alikuwa ameacha nafasi ndani ya mshono, pande zote mbili, kama aliyejua. Nilipanua, nikiupa mshono mgongo wa melimeli, mpaka ikabaki nafasi ya kushika sindano tu. Aliingia nyuma ya pazia na Vivian akaenda kumfunga vifungo. Tuliwasikia huko ndani. "Nyanyua mkono, Ma." "Siyo hapo." "Ni hapa, naona." "Unavuta." "Sivuti, wewe ndiye unapumua." Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la baridi, limefungwa hadi kidevuni, na chini ya koti, juu ya vile viatu vya mpira, ukaonekana upindo mwekundu.

"Kwenye sanduku linaweza kupotea," alitueleza. "Mimi sipotei."

Tuliwasindikiza nje. Ilikuwa Februari, watu barabarani wamejikunyata, na gari la Vivian lilikuwa limekufa kifaa cha joto tangu kabla ya Krismasi. Bi Ailing akaingia mbele, akakaa wima, mgongo hauigusi siti. Kisha akafungua kifungo cha juu cha koti, na cha pili, na cha tatu, akalifungua lote hadi likaanguka pembeni na wekundu wote ukaonekana dirishani. Vivian akamwuliza anafanya nini, ataugua.

"Humu mna joto," alisema, akiwatazama watu wanaopita kwenye barabara ya Kingsbury.